Dalali mmoja, lugha nyingi: kwanini sava yetu ina milango mitatu

Assalaam alaykum jamani. Watu wanatuuliza sana hapa kitengo cha tehama, kwanini sava moja ya ujumbe mnaifungulia poti (yaani milango) 1883, 5672 na 61613, moja haitoshi?

Nendeni mnada wa samaki Darajani asubuhi. Mvuvi wa Tumbatu ana lafudhi yake, wa Makunduchi yake, Mpemba ndo usiseme, lakini dalali anawaelewa wote, na mvuvi hana haja ya kujua samaki ataliwa na nani. Broka, yaani programu ya kupokea na kugawa ujumbe kwenye sava, ndo dalali huyo, programu nyingine zinampa yeye ujumbe naye anaufikisha.

Sasa hizo lafudhi ndo protokali, yaani namna programu zinavyozungumza, na kila moja ina poti yake: 1883 ya MQTT, 5672 ya AMQP, 61613 ya STOMP. MQTT ilitengenezwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yanayosomwa kwa setilaiti, kila baiti pesa, ndo maana kichwa chake, yale maelezo ya mbele ya ujumbe, kinaanzia baiti 2 tu na sensa (kifaa cha kupimia) ya tangi la maji huko Micheweni yenye netiweki ya kubahatisha inaiweza. AMQP ilianzia benki, JPMorgan Chase, 2003, ina foleni za kuweka ujumbe unaosubiri na mambo mengi, watu wa mahesabu wanaipenda. STOMP ni maandishi tu, fundi anaweza kuitaipu kwa mkono akijaribu kitu.

Wapo wanaosema tuchague moja, miye sikubali, ile sensa memori yake ndogo utaibebesha AMQP ya nini? RabbitMQ, ndo broka wetu, inazijua zote tatu, ila MQTT na STOMP ni plagini, vipande vya nyongeza, lazima uziwashe mwenyewe.

Lakini kutafsiri toka protokali moja kwenda nyingine kuna mitego, na mmoja ulitunasa wenyewe. Sensa moja tuliipa jina tangi.2/ujazo, upande wa AMQP foleni inasubiri *.ujazo, yaani neno lolote moja, nukta, kisha ujazo. Broka anageuza mkwaju (/) kuwa nukta, na nukta ndo inayotenga maneno, jina likawa tangi.2.ujazo, maneno matatu, na nyota hubeba neno moja tu. Sensa inajibiwa imepokelewa, foleni tupu, hakuna hata erori! Siku mbili tunalaumu netiweki. Sasa hivi nukta kwenye majina ya MQTT marufuku.

Na hedaa, maelezo ya ziada pembeni ya ujumbe, ulizotia kwenye AMQP zikienda kwa kifaa cha MQTT toleo 3.1.1 zinabaki njiani, hazina pa kukaa, toleo la 5 la 2019 ndo limeziwekea nafasi. Kama kifaa chako bado cha zamani, kitu muhimu kitie ndani ya ujumbe wenyewe.