Sinia la Idd na Tumbo Lililopunguzwa: Maswali na Majibu

Idd ikikaribia, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hapa Mombasa huwa na wasiwasi wa aina yao. Si wa njaa. Ni wa zile nyumba tano sita za kupitia baada ya swala, kuanzia Kibokoni hadi Majengo, na kila nyumba imeandaa. Haya ndiyo wanayouliza.

Nina wiki tatu tangu nipasuliwe. Siku ya Idd nionje biriani?

Hapana. Kidonda cha ndani bado kinapona hata kama cha nje kimefunga. Kwa kawaida wiki 2 za mwanzo ni vinywaji tu, kisha vyakula vilivyosagwa, halafu vilaini, na chakula kigumu huanza polepole kwenye wiki ya 6 hadi ya 8. Fuata ratiba aliyokupa daktari wako. Kwa sasa ponda samaki mlaini au saga mbaazi. Biriani haikimbii.

Mimi nimemaliza mwaka. Nile vipi?

Kwanza, jitoe kwenye sinia. Sisemi ujitenge na watu. Kaa papo hapo mkekani, lakini pakuliwa chako kwenye kile kisahani cha kikombe cha chai. Sinia la watu wanne halina mpaka: mkono unaingia, unatoka, gumzo limenoga, na hujui umekula matonge matano au kumi na matano. Tena sinia lina mbio zake. Anayetafuna taratibu huona nyama inapungua, naye akaongeza kasi bila kujijua. Wewe unahitaji dakika 20 hadi 30 kwa kisahani hicho, na kila tonge ulitafune mpaka lilainike kabisa.

Biriani yetu ya pwani ina heri moja: masala hupikwa mbali na wali. Basi anza na kuku au nyama, ondoa mafuta yanayoelea juu, kisha kachumbari, na wali uje mwisho ikiwa nafasi ipo. Waliopasuliwa wengi huelekezwa kupata gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo ukianza na wali hutafika. Pilau ni mtihani zaidi kwa sababu nyama na wali vimeshachanganyika, itakubidi uchambue. Samaki wa kupaka ni rafiki mzuri kwa ulaini wake, ila tui lisizidi. Mishkaki iliyokauka jikoni hunasa kooni, na mahamri hugeuka donge tumboni.

Kikinasa, utasikia kifua kinabana na mate yanajaa mdomoni. Acha kula, simama, tembea kidogo. Usikisukume kwa maji.

Kaimati tatu tu na kipande cha halua, kuna ubaya gani?

Swali hili huulizwa na walioshaonja na kuona. Hali huwa hivi: kaimati zimechovywa shira, halua ni sukari na samli, na tumbo halina tena nafasi ya kuvihifadhi na kuviachia kidogokidogo. Vinamwagika kwenye utumbo kwa kishindo, na utumbo unavuta maji kutoka mwilini kuvizimua. Dakika 10 hadi 30 baadaye, ungali sebuleni kwa watu, moyo unadunda, jasho linakutoka, tumbo linasokota, na unatafuta choo kiko wapi. Aliyefanyiwa baipasi, yaani tumbo limefanywa kifuko kidogo na kuunganishwa na utumbo wa mbele, ndiye hupatwa zaidi, lakini hata aliyekatwa sehemu ya tumbo peke yake hajasalimika.

Kuna na mkondo wa pili, saa 1 hadi 3 baadaye: sukari ya damu inashuka ghafla, mikono inatetemeka, macho yanaona giza. Wakati huo pengine umeshafika viwanja vya Makadara na watoto, au uko nyuma ya usukani. Ukiwa na dalili hizo, usiendeshe gari.

Nafsi ikishindwa, kaimati moja, baada ya chakula chenye protini.

Na vinywaji?

Usinywe pamoja na chakula. Ngoja nusu saa. Soda achana nayo, gesi yake itakuumiza. Juisi ya ukwaju iliyojaa sukari ni halua ya kunywa. Dafu linafaa, kwa funda ndogo. Kahawa chungu kijikombe kimoja haidhuru, ila usiinywe wakati mmoja na kidonge cha chuma.

Shangazi atasema nimedharau chakula chake.

Atasema, na huna lazima ya kumweleza habari za upasuaji wako. Sifu chakula kabla hajakuhimiza, kisha: "Shangazi, Alhamdulillah nimeshiba, hiki nifungie nikale nyumbani." Mwenye kufungiwa hajakataa. Wanaokuhimiza wanakupenda, lakini maumivu yatakuwa yako peke yako.

Naweza kufunga zile sita za Mfunguo Mosi?

Tabu kubwa ni maji: tumbo dogo haliwezi kupokea maji ya siku nzima kati ya magharibi na alfajiri. Ndani ya miezi 6 ya mwanzo, na kwa wengi hadi mwaka, madaktari hushauri kutofunga. Sita ni sunna; muulize daktari kwanza, na deni la Ramadhani umuulize sheikh wako.

Mgongo ukiniuma baada ya pirika za jikoni?

Usimeze ibuprofen wala diclofenac bila ushauri. Huleta vidonda vya tumbo, hasa kwa wa baipasi. Parasetamoli ni afadhali. Vitamini zako usiziache hata siku ya Idd.

Ni lini niende hospitali?

Ukitapika hata maji hayakai, ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo au moyo unaokwenda mbio usiotulia. Mwambie daktari wa zamu ulipasuliwa aina gani na lini. Kama umetapika kwa siku kadhaa, mkumbushe habari ya vitamini B1, kwa maana inatakiwa ipewe kabla ya dripu ya sukari.