Sindano ilinilaza kitandani. Je, nirudi kudungwa tena?

Maswali haya kuhusu maudhi ya chanjo hurudi kila mara barazani na kwenye foleni za kliniki huku Lamu, kuanzia Langoni hadi Kizingitini. Mengi yalizaliwa na chanjo ya korona, iliyoanza kutolewa Kenya Machi 2021, lakini hayakuishia hapo. Mama mjamzito ana sindano yake ya pepopunda, mtoto ana zake tangu siku anayozaliwa, na anayenuia Hija anadaiwa vyeti. Majibu ni ya jumla. Mwenye maradhi yake au dawa anazotumia kila siku ayapeleke kwa daktari anayemjua kabla ya kuamua lolote.

Nilidungwa asubuhi, usiku nikatetemeka kwa homa, viungo vyote vikaniuma na mkono sikuweza kuuinua. Dawa ile ilikuwa mbovu?

La, ndugu yangu. Chanjo humwonyesha mwili kidudu kilichouawa au kudhoofishwa, au kipande chake tu, na kinga ya mwili huamka. Chembe za kinga zikiamka hutoa kemikali, na hizo kemikali ndizo zinazopandisha joto, kuumiza viungo na kuleta ule ulegevu wa kutotaka hata kusemeshwa. Mkono huuma kwa sababu kazi imeanzia pale sindano ilipoingia. Wengine hufura tezi za kwapani, na hizo huweza kukaa wiki nzima au zaidi kabla ya kunywea.

Watu wakija kueleza, husisitiza ukali: "nilidhani nakufa." Mimi huuliza kwanza saa. Ilianza lini baada ya sindano, ikaisha lini? Jibu la hilo hutenganisha mambo mengi kuliko ukali wenyewe. Maudhi ya kawaida ya chanjo nyingi huanza ndani ya siku moja na kwisha ndani ya siku mbili tatu. Mzio mkali huanza ndani ya dakika, kwa kawaida kabla ya nusu saa kwisha. Chanjo ya surua hutumia kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho huhitaji muda kuongezeka mwilini, kwa hiyo homa na vipele vyake huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mama ameshasahau kama mtoto alidungwa. BCG, ile ya kifua kikuu, hutoa kijidonda baada ya wiki kadhaa na kuacha kovu. Kiacheni kikauke chenyewe, msikipake mafuta wala majani.

Na homa inayopita siku tatu, au inayoanza siku ya tano baada ya sindano ya korona au ya pepopunda? Huku Pwani hiyo tunaipima malaria kwanza. Nimesikia habari nyingi za "chanjo iliyomlaza wiki mbili" na ndani yake hakuna aliyetobolewa kidole.

Basi madhara yenyewe, yale ya hatari, ni yapi? Tusifichwe.

Hamna sababu ya kufichwa. Yapo, na yameandikwa.

La kwanza ni mzio mkali: midomo na ulimi kufura, pumzi kubana, vipele vya kuwasha mwili mzima, kuzirai. Kwa chanjo za korona za Pfizer na Moderna ilikadiriwa kuwa watu watano hivi katika kila dozi milioni moja. Dawa yake ni adrenalini, inayodungwa kwenye msuli wa paja mara moja.

La pili ni damu kuganda huku chembe zinazozuia kutoka damu zikipungua. Lilionekana mwaka 2021 kwa chanjo nyingine mbili za korona, AstraZeneca na Johnson & Johnson, nadra sana, kati ya siku ya 4 na wiki ya 6 hivi baada ya dozi. Dalili zake ni kichwa kinachozidi kuuma na kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, tumbo kuuma sana, mguu mmoja kufura, au vidoto vyekundu chini ya ngozi. Nchi kadhaa za Ulaya ziliizuia AstraZeneca kwa vijana kwa sababu hiyo, na uamuzi ule ulikuwa wa busara pale palipokuwa na chanjo nyingine ya kuchagua. Lakini aliyedungwa 2021 na kichwa kimeanza kumuuma leo, sababu yake si hii. Muda wake ulishapita zamani.

La tatu ni uvimbe wa msuli wa moyo, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili ya Pfizer au Moderna, mara nyingi ndani ya wiki moja. Kifua huuma, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi. Wengi wao hupona kwa kupumzika na uangalizi, ila ni lazima waonwe na daktari.

Ukipatwa na lolote kati ya haya, sema hospitalini iandikwe. Kenya ripoti hizi huishia kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na mhudumu yeyote wa afya anaweza kukujazia. Visa kama vya damu kuganda vilijulikana duniani kwa sababu mtu alisema na mwingine akaandika. Malalamiko yanayobaki kibarazani hayamwokoi mtu wa kesho.

Kwa nini niketi dakika 15 baada ya sindano? Boti ya Faza haingoji.

Boti haingoji, na maji yakipwa pale Mkanda, mlango mwembamba wanakopita boti, hata nahodha hana la kufanya. Hiyo ndiyo sababu ya kukaa.

Mjini Nairobi mtu akianza kufura midomo njiani huenda akapata gari la kumrudisha. Wewe ukiwa katikati ya mlango wa bahari, kati ya mjini na Pate, aliye na adrenalini yuko nyuma yako na boti haina breki. Dakika 15 zinamtosha mtu wa kawaida. Aliyewahi kupata mzio wa dawa, chakula au chanjo akae 30. Ukienda kuchanjwa, panga siku kwa kufuata maji: fika mapema, mwambie muuguzi mapema kwamba unatoka kisiwani, na usikate tiketi ya boti inayong'oa nanga dakika ile unayotoka chumbani. Mwenye mzio mkubwa unaojulikana ningependa adungwe penye daktari, si siku ya chanjo ya kuhamahama kijijini.

Dozi ya kwanza ilinitesa. Ya pili itanitesa zaidi?

Inategemea chanjo gani. Kwa Pfizer na Moderna, dozi ya pili iliwasumbua watu zaidi ya ile ya kwanza. Kwa AstraZeneca ilikuwa kinyume: ya kwanza ndiyo iliyowalaza wengi, ya pili ikapita kimya. Wewe binafsi unaweza kuangukia upande wowote.

Kuna jambo la ajabu hapa ambalo wengi hawajalisikia. Uchambuzi uliochapishwa Januari 2022 ulikusanya majaribio 12 ya chanjo za korona, yenye watu zaidi ya 45,000. Karibu nusu yao walipewa sindano isiyo na chanjo ndani yake. Katika hao, takriban 35 kwa kila 100 walisema wamepata maumivu ya kichwa, uchovu au mfano wake baada ya sindano ya kwanza. Waliopewa chanjo yenyewe walikuwa 46 kwa 100. Maana yake si kwamba wanajisingizia. Kichwa kiliuma kweli. Lakini hofu nayo huumiza, na katika watu elfu ishirini hakuna siku isiyokuwa na wenye kichwa kuuma. Kwa hiyo ukirudi kudungwa baada ya mwezi mzima wa kusikiliza hadithi za watu, zingatia kwamba na hizo hadithi umezibeba mkononi.

Sikuhisi chochote. Ina maana haikushika?

Imeshika. Wengi huchanjwa wasihisi kitu na kinga yao ikapanda vizuri. Homa si risiti.

Naweza kunywa Panadol? Na kuna majani anayochemsha bibi.

Baada ya dalili kuanza, kunywa. Mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, na uache saa 6 zipite kabla ya kurudia. Usichanganye na dawa ya mafua bila kusoma pakiti, kwa sababu nyingi zina dawa hiyohiyo ndani. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Usinywe kabla ya sindano kwa kujihami. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake, na asipewe aspirini kamwe. Kitambaa cha maji baridi juu ya mkono, maji ya kunywa kwa wingi, na kuusogeza mkono badala ya kuulaza, hivyo vinasaidia. Majani ya bibi yanyweni kama chai mkipenda, ila pale palipodungwa msipake wala msikande kwa moto.

Ramadhani je?

Wanazuoni wengi, akiwemo Mufti Mkuu wa Saudi Arabia mwaka 2021, walieleza kwamba sindano ya chanjo haibatilishi saumu, kwa kuwa si chakula wala kinywaji. Linalosumbua ni homa ya siku ya pili. Ukidungwa alasiri, ikija huenda ikaja usiku, wakati wa kunywa maji na dawa. Ukizidiwa mchana, wewe ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine, na hukumu ya mgonjwa unaijua.

Siku zangu zilichelewa baada ya chanjo ya korona. Nitapata mtoto kweli?

Hili wanawake walilisema mapema na hawakusikilizwa mapema, jambo lililoharibu imani. Utafiti ulipofanywa ulionyesha kweli mzunguko hurefuka kidogo, kwa wastani chini ya siku moja, kisha hurudi ulivyokuwa. Uwezo wa kushika mimba haukupungua. Ukikosa siku zako mwezi mzima, pima mimba.

Kila mimba nadungwa ya pepopunda, na safari hii mkono umefura hadi kiwiko. Lazima niendelee?

Mama, huenda hukuhitaji hiyo ya mwisho. Chanjo ya pepopunda kwa wanawake ina hesabu yake: ya pili hutolewa wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baadaye, ya nne mwaka mmoja baadaye, ya tano mwaka mwingine. Aliyetimiza tano zilizopangwa hivyo amelindwa kwa miaka yake yote ya uzazi.

Shida ni kadi. Kijitabu cha mimba ya kwanza kililowa maji, cha pili kiko Mombasa kwa dada, basi muuguzi asiye na ushahidi huanza hesabu upya. Nami simlaumu, kwa sababu pepopunda ya mtoto mchanga huua. Lakini mwenye kinga tele akidungwa mapema mno, kinga hiyo hugongana na chanjo palepale msulini, na mkono hufura sana, mwekundu, wenye moto, kwa siku kadhaa. Hupona. Ni dalili kwamba kinga ipo kwa wingi, na mara nyingi anayefura hivyo huambiwa asirudie kabla ya miaka 10. Weka kadi zote pamoja, zipige picha kwa simu, na uzipeleke zote kliniki.

Wanaume nao wana sehemu yao hapa. Aliyechomwa na mwiba wa samaki taa au msumari wa jahazi, ikiwa kidonda ni kichafu na zimepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho, hudungwa tena. Kidonda safi na kidogo hungoja miaka 10. Kufura mkono kidogo safari iliyopita si sababu ya kukataa ukiwa na mwiba mguuni, ila aliyefura sana kama nilivyoeleza amwambie daktari kwanza.

Ya korona, niongeze au niache?

Hapa jibu limebadilika. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema dozi za kuongeza zielekezwe kwa wazee, wajawazito, wenye kinga dhaifu, wenye maradhi makubwa kama kisukari na moyo, na wahudumu wa afya. Kijana mzima wa afya aliyemaliza dozi zake na moja ya kuongeza hakuwekwa katika wanaohimizwa kurudi kila mara. Kwa hiyo kijana wa miaka 25 aliyelazwa siku mbili na homa akiamua kuacha, sitamfuata nyumbani. Baba yake wa miaka 70 mwenye sukari ni habari nyingine: siku mbili za homa ni bei ndogo kwake ukiilinganisha na korona yenyewe.

Wa kukataliwa dozi ya chanjo ileile ni aliyepata mzio mkali kwayo, au aliyeganda damu au kuvimba msuli wa moyo kwa sababu yake. Huyo asiamuliwe na jirani wala nami. Daktari huangalia kama ipo ya aina nyingine.

Mama yangu ana miaka 68, tunamnuia Hija. Chanjo ya mwisho ilimchosha sana. Tufanyeje?

Tenganisha chanjo mbili. Ya uti wa mgongo, inayokinga aina nne za kidudu chake, haina kidudu hai na wazee huimudu. Iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Cheti chake hudumu miaka 3 au 5 kulingana na aina, kwa hiyo kama alikwenda Umra karibuni, kitazameni kwanza.

Ya homa ya manjano ndiyo ya kufikiriwa. Ina kirusi hai, na aliyevuka miaka 60 anayeipata kwa mara ya kwanza maishani yuko katika hatari kubwa zaidi, ingawa bado ndogo, ya madhara mazito ya ini au ubongo. Na Lamu yenyewe si eneo lenye hatari kubwa ya ugonjwa huo, anachohitaji mama ni cheti. Kama aliwahi kudungwa, hata miaka 30 iliyopita, asirudie: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka 10. Kama hajawahi, daktari anaweza kupima na, akiona haimfai, kumwandikia cheti cha kusamehewa kwa sababu za kiafya. Nchi anayokwenda ndiyo yenye uamuzi wa kukikubali, kwa hiyo muulizeni wakala wa Hija mapema, kabla hamjalipa tiketi.