Mkono wa Birika: Dhana Potofu Kuhusu Watoto na Lugha ya Picha

Mzazi aliyenijia hivi karibuni alikuwa na daftari lililojaa nahau zilizopangwa kwa alfabeti, kila moja na maana yake mbele, na alitaka nimsaidie binti yake wa miaka tisa kumalizia zilizobaki. "Mwalimu, ameshakariri zaidi ya mia moja," aliniambia kwa fahari. Nimewapokea wazazi wengi wenye madaftari ya namna hiyo, na nakiri kwamba subira yangu imepungua, kwa sababu sijaona dhana inayowapotezea watoto muda kuliko hii ya kwamba lugha ya picha, yaani semi kama nahau na sitiari ambazo maana yake si ile ya maneno yenyewe, hufundishwa kwa kukariri orodha.

Nilimwuliza binti maana ya "mkono wa birika", akajibu papo hapo kwamba ni mchoyo. Nikamwomba atunge sentensi, naye akaandika: "Shangazi ana mkono wa birika, kila mgeni akija humjazia kikombe." Jibu la daftari alikuwa nalo, lakini kichwani mwake mlikuwa na birika linalomimina, na picha hiyo ndiyo iliyoshika kalamu. Nilimchorea birika, nikamtaka aufuatishe mkono wake kwa kidole tangu unapoanzia hadi unapoishia. Akafuatisha, akasita, kisha akasema, "Umejikunja, haunyooki kwenda kwa mtu." Sentensi yake ya pili ilikuwa sahihi, na sikuwa nimemtajia maana hata mara moja.

Mtoto huifikia maana ya nahau kwa kuichungua picha iliyomo na kwa kusoma mazingira ambamo imesemwa, na daftari la yule mama lilikuwa limeviondoa vyote viwili. Tena nahau hazilingani kwa ugumu. "Kuvunja moyo" au "kukunja uso" picha zake ziko karibu na maana, kwa hiyo watoto huzielewa mapema. "Kupiga chuku" imefungika, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kusikia kwamba chuku ni pembe ya kuumikia, yaani ya kufyonzea damu mwilini. Kwa nahau iliyofungika kama hiyo simsumbui mtoto atafute picha. Namkutanisha nayo katika hadithi tatu au nne ambamo mhusika anadai kuvua samaki mkubwa kuliko mtumbwi wake, na maana hujichomoza yenyewe. Kwa sitiari na tashbihi, yaani semi zinazolinganisha kitu kimoja na kingine, nina maswali manne nisiyoyaacha: ni nini kinachozungumziwa, kimelinganishwa na nini, vinafanana wapi, na vinatofautiana wapi. Walimu wengi huliruka swali la nne, ilhali ndilo linalomwonyesha mtoto kwamba ulinganisho una mipaka. Majina ya tamathali za usemi kama tashihisi na taniaba yanaweza kusubiri. Nimewaona wanafunzi wanaoipa kila tamathali jina lake bila kuweza kusema mshairi alikusudia nini.

Nasikia pia kwamba mtoto mdogo hawezi kuelewa lugha ya picha mpaka afike madarasa ya juu. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "nipigie simu bibi" hatarajii simu ichapwe, wala anayeambiwa kwamba jua limezama hakimbilii maji kulitafuta. Ulinganisho unaotegemea umbo au rangi humjia mapema. Unaochelewa ni ule unaohusu tabia na hisia, kama "moyo wa jiwe", ambao mtoto mdogo huweza kuuchukua kuwa moyo mgumu kweli unapoguswa. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto, katika miaka ya 1920 aliwapa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mmoja methali wazioanishe na sentensi zenye maana ileile, na mara nyingi walikosea huku wakijiamini kabisa. Methali hizo, hata hivyo, zilitolewa peke yake, bila kisa. Uchunguzi uliofanywa baadaye kwa kutumia visa na michoro umeonyesha uelewa kwa watoto wadogo kuliko hao.

Wapo wanaoiona lugha ya picha kuwa pambo la washairi, nao huniambia hayo huku wakilalamika kwamba bei zimepanda na muda unakimbia. Hata somo la sayansi lina mkondo wa umeme, na mwanafunzi asiyejua mkondo wa mto hupoteza msaada ambao neno hilo lilikusudiwa kumpa.

Mtoto kushindwa kueleza maana si ushahidi kwamba haelewi, kwa sababu uelewa hutangulia maelezo. Mpeni michoro mitatu achague unaofaa, au mwache aigize, kabla ya kumhukumu.

Mwisho, kuna wanaokimbilia kutaja usonji mara tu mtoto anapochukua usemi jinsi ulivyo. Kila mtoto hupitia hali hiyo, na peke yake haitoshi kuwa dalili. Hata kwa watoto wenye usonji, ugumu huu hufungamana sana na kiwango cha msamiati na uelewa wa sentensi, na wapo miongoni mwao wanaoelewa sitiari vizuri. Ikiwa mtoto anatatizika pia kufuata maelekezo ya kawaida au mazungumzo ya wenzake, hapo apelekwe kwa mtaalamu wa lugha na mawasiliano, naye apime pia msamiati wake, si nahau peke yake.