Mjapani wa Hamira na Klipu za Ramadhani

Kila Ramadhani ikikaribia, klipu ile ile huzunguka tena kwenye simu za watu wa Mombasa: Mjapani amepewa tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba kufunga kunatibu saratani na kisukari. Mjapani yupo, na tuzo ni ya kweli. Yaliyobaki yametiwa chumvi. Baada ya mhadhara niliotoa Majengo, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza kwa upole: "Sasa daktari, ikiwa mwili wajisafisha wenyewe, hivi vidonge vya sukari nameza vya nini?" Mimi ni daktari wa seli, si wa sindano, lakini swali lile sikuweza kuliacha lipite.

Mjapani mwenyewe ni Yoshinori Ohsumi, mzaliwa wa Fukuoka, 1945. Tuzo hakuipata kwa kumnyima mtu chakula. Aliyoinyima chakula ni hamira, hii hii inayoumua mahamri yetu.

Njia yake haikunyooka. Alipata shahada ya uzamivu Tokyo mwaka 1974, akaenda New York kufanya utafiti wa mayai ya panya, kazi aliyokuwa mgeni nayo, kisha akaigeukia hamira. Aliporudi Tokyo alijikita kwenye vakuoli, kifuko kilichomo ndani ya seli ya hamira ambacho wengi walikiona kama jaa la taka tu. Mwenyewe husema hapendi mashindano, akatafuta pasipo na msongamano. Maabara yake aliipata 1988, akiwa na miaka 43, umri ambao baadhi yetu tumeshaanza kupiga hesabu za kustaafu.

Jina la jambo alilolitafuta lilikuwapo tangu 1963, Christian de Duve wa Ubelgiji alipoliita otofaji, neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya kujila. Seli huzungushia utando protini zilizochakaa na vipande vyake vibovu, ikavipeleka kwenye vimeng'enya vya kuviyeyusha, na kinachotoka hujengea vitu vipya. Shida ni kwamba vijifuko vinavyoundwa na utando huo ni vidogo mno, na vikifika vakuoli huyeyuka mara moja. Utachungulia hadubini mpaka macho yakuume.

Ujanja wa Ohsumi naupenda kuliko tuzo yenyewe. Alichukua hamira isiyokuwa na vimeng'enya vya vakuoli, akaiweka na njaa. Likumbuke jaa la Kibarani la zamani, ukadirie kwamba wachoma taka wamegoma na malori yangali yanamwaga: hata aliye mbali ataona vilima. Baada ya saa chache vakuoli zilijaa vijifuko vinavyochezacheza, vikaonekana kwa hadubini ya kawaida. Kisha akazivuruga jeni za hamira, akachambua maelfu ya seli akitafuta zile zinazoshindwa kutengeneza vijifuko hivyo. Mwaka 1993 yeye na mwanafunzi wake walitangaza kwamba wamepata aina 15 za hamira ya namna hiyo, kila moja ikiwa na hitilafu kwenye jeni yake. Nyingi ya jeni hizo zina ndugu zao katika mwili wa binadamu. Nobel ya 2016 alipewa peke yake.

Njaa na otofaji basi zina uhusiano, hilo silikatai. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba vitoto vya panya vilivyokosa moja ya jeni hizo hufa katika siku ya kwanza baada ya kuzaliwa, kwa kuwa kitovu kimekatika na mwili hauwezi kujilisha kwa akiba yake. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo hupunguza otofaji, na ukikaa bila kula insulini hushuka. Lakini otofaji ndani ya mtu aliye hai ni ngumu kupima, kwa hiyo anayekwambia kwamba usafi huanza ukitimiza saa 16 kamili bila kula anakisia. Kuhusu saratani, mambo yana pande mbili: seli yenye afya hulindwa na otofaji, na uvimbe ulioshaota huweza kuitumia hiyo hiyo ili usife njaa.

Kisukari ndicho kinachonitia hofu zaidi. Anayeacha dawa kwa sababu ya klipu anaweza kupandisha sukari hadi azimie, na anayemeza dawa zile zile kwa saa zile zile huku amefunga anaweza kuishusha vibaya. Nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Ukifunga, pima, wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Kipimo cha sukari kikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au juu ya 16.6, fungua, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika 10.

Mzee wa Majengo alikwenda. Alirudi na vidonge vile vile, ila daktari wake alimbadilishia saa: vingine kwa futari, vingine kwa daku.