Kumbukumbu za serikali kwenye simu ya mwananchi: kazi huanzia masijala

Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa pale zinapohatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 iliweka utaratibu wa kuomba na muda wa siku 21 wa kujibiwa. Sheria hiyohiyo inazitaka taasisi za umma zichapishe maelezo ya kumbukumbu zilizo nazo, na hapo ndipo mfumo wowote wa kidijitali unapaswa kuanzia. Taasisi isiyojua masijala yake ina majalada gani haiwezi kuyafungua kwa umma, hata ikijenga tovuti nzuri namna gani.

Baada ya masijala, swali linalofuata ni mwananchi anauliza nini hasa. Mzazi hatafuti "matumizi ya sekta ya elimu". Anataka kujua shule ya watoto wake ilitumiwa shilingi ngapi muhula huu na lini. Uganda ina ushahidi wake yenyewe. Utafiti wa mwaka 1996 ulifuatilia ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995 na kukuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha hizo ndizo zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wachumi wanabishana kuhusu mchango wa magazeti peke yake, kwa kuwa mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea wakati huohuo. Kwa mbunifu wa mfumo, hata hivyo, umbo la taarifa lile bado ni kielelezo: jina la mahali, kiasi, tarehe, na vyote vimewekwa mahali mzazi anapopita.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kutumia jina la mahali kama utambulisho wa kumbukumbu. Tazama wilaya ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Madi-Okollo ilijitenga na wilaya hiyo mwaka 2019, Terego mwaka 2020, na tarehe 1 Julai 2020 mji wa Arua ukawa jiji lenye utawala wake. Ukichora grafu ya bajeti ya "Arua" ya miaka kumi, fedha zitaonekana kuporomoka, kumbe ni mipaka iliyobadilika. Na anayetafuta "Arua" leo anaweza kuwa anataka jiji au wilaya. Kwa hiyo kila mahali papewe msimbo wa kudumu, pamoja na tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, na msimbo wa eneo mama. Misimbo hiyo ihifadhiwe kama maandishi, si tarakimu, maana programu za majedwali hufuta sifuri ya mwanzo na 0608 inageuka 608. Hati nazo zinahitaji anwani isiyobadilika. Toleo la saba la sheria za Uganda lilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, sheria nyingi zilipata namba mpya za sura na vifungu. Mfumo usiohifadhi namba ya zamani sambamba na mpya humwacha msomaji wa hukumu ya zamani akitafuta kifungu ambacho hakipo tena.

Vipimo navyo visisahauliwe. Majedwali mengi ya serikali huandikwa kwa maelfu ya shilingi, mengine kwa mabilioni. Kichwa cha safu kikiachwa nyuma wakati wa kunakili, 45,000 inasomeka shilingi elfu arobaini na tano badala ya milioni arobaini na tano. Hifadhi shilingi kamili, kisha ufupishe wakati wa kuonyesha tu.

Kisanduku cha kutafutia ndicho hupuuzwa kuliko vyote. Wilaya ya Luwero huandikwa pia Luweero, na ya Sembabule huandikwa Ssembabule. Anayeandika kama anavyosikia ataandika Chenjojo, nayo kumbukumbu imeandikwa Kyenjojo. Tiba yake ni nyepesi: kabla ya kulinganisha maneno, programu igeuze herufi zilizorudiwa kuwa moja, ichukue l na r kama herufi moja, na ky kama ch. Ifanye hivyo kwenye nakala ya kutafutia tu. Jina rasmi linabaki lilivyo. Pia weka kumbukumbu ya maneno yote yaliyotafutwa bila kupata jibu, bila kuhifadhi namba ya simu ya aliyetafuta, na mtu ayapitie kila wiki. Hakuna ripoti ya mshauri itakayokueleza mahitaji ya watu vizuri kuliko orodha hiyo.

Kwa karatasi, skani kwa nukta 300 kwa inchi, na kwa rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe tupu ikiwa ni nakala za kaboni zilizofifia. Kisha pitisha programu ya kutambua maandishi. Usiamini tarakimu zake: 5 huweza kuwa S, 1 kuwa l. Jumlisha safu upya na ulinganishe na jumla iliyochapwa. Zisipolingana, rudi kwenye karatasi. Mafaili makubwa yakatwe kwa kila wilaya au idara. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na si haki mtu apakue kurasa 600 ili asome moja.

Wengi hawana simu janja, hivyo ujumbe mfupi bado una kazi kubwa. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, lakini ukiwa na herufi moja tu iliyo nje ya seti ya kawaida, uwezo unashuka hadi 70 na gharama inaongezeka. Herufi ŋ ya Kiacholi na Kilango, lugha za kaskazini mwa Uganda, ni mojawapo. Nyingine ni alama ya ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe katika neno kama ng'ombe. Tumia ritifaa iliyonyooka. Kwa ŋ, usifute herufi ya watu kimyakimya: amua na wasomaji wenyewe kama wanakubali "ng" kwenye ujumbe, na kwenye tovuti iandikwe ipasavyo.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusu kazi hii pia. Fedha za Mpango wa Maendeleo wa Parishi, mpango wa serikali unaopeleka fedha kwenye parishi (eneo dogo la utawala, si la kanisa), ni jambo la umma, pamoja na kiasi kilichofika kila parishi. Namba za simu na za vitambulisho vya taifa si za umma. Namba ya kitambulisho ya raia, yenye herufi na tarakimu 14, huonyesha jinsia na mwaka wa kuzaliwa mwanzoni kabisa, kwa hiyo kuficha tarakimu za mwisho hakutoshi. Tena, kuweka kisanduku cheusi juu ya maneno kwenye PDF hakufichi kitu: mtu hunakili sehemu ile, akabandika kwingine, na yote yakasomeka. Futa safu nzima kwenye jedwali la asili, toa faili jipya, kisha ujaribu kunakili mwenyewe kabla ya kulipandisha.

Mkataba na kampuni inayojenga mfumo utaje kwamba domeni ya go.ug (anwani ya tovuti za serikali), nywila na msimbo wa programu ni mali ya taasisi, kwamba data yote inaweza kutolewa kwa CSV (jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali) wakati wowote, na utaje cheo cha mtumishi atakayepandisha takwimu kila robo mwaka. Cheo hicho kiwe cha masijala au mipango, na kazi hiyo iingie kwenye maelezo yake ya kazi. Kila ukurasa uonyeshe tarehe ya takwimu zake, na robo mwaka isiyoletwa ionekane wazi kuwa haijaletwa.