Je, wajua kwa nini wakala wa ajira hakupigii simu tena?

Umetuma CV, ukapigiwa siku hiyohiyo. Ukaulizwa mshahara unaolipwa sasa, notisi yako ni ya muda gani, na kwa nini unataka kuondoka. Ukaambiwa "tutawasiliana". Wiki tatu, kimya. Wengi huamua kwamba wakala ni mzembe, au nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Mara nyingi si hilo wala lile.

Kosa huanzia kwenye kumchukulia wakala wa ajira kama dalali wa nyumba. Dalali wa Dar es Salaam huzunguka na mpangaji kutwa nzima, na mpangaji akipata chumba ndiye anayemlipa, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Ndiyo maana mpangaji ana haki ya kumsumbua kwa simu. Kwa wakala wa ajira anayelipa ni mwajiri. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kwenye ibara ya 7 kwamba mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, ingawa unaacha mlango kwa vighairi vichache. Kwa hiyo wakala hamtafutii mtu kazi, anaitafutia nafasi mtu. Zikija CV 200 kwa nafasi moja, zinazopelekwa kwa mwajiri huwa tatu hadi tano. Wa sita anaweza kuwa hodari kabisa, lakini hakuna anayelipia muda wa kumpigia. Wakala mzuri humtumia ujumbe hata hivyo, na anastahili sifa kwa hilo.

Hapo pia ndipo pa kumtambulia tapeli. Anayekudai pesa ya fomu, ya usajili au ya "vipimo" kabla ya usaili haishi kwa pesa ya mwajiri. Akiwatoza watu 100 shilingi 20,000 kila mmoja, ana milioni 2 mkononi bila kujaza nafasi hata moja, na hana sababu ya kujaza.

Sasa tazama hesabu ya wakala halali. Mwajiri anataka mhasibu wa mshahara ghafi wa shilingi 2,000,000 kwa mwezi, yaani 24,000,000 kwa mwaka. Wakikubaliana asilimia 15 ya mshahara wa mwaka, ada ni 3,600,000. Viwango hujadiliwa faraghani, kwa hiyo usichukue asilimia hiyo kuwa kanuni. Wapo wanaotoza mshahara wa mwezi mmoja tu. Kwenye nafasi za ukurugenzi ada huweza kulipwa kwa mafungu matatu, la kwanza wakala anapoanza kutafuta mtu. Kwa nafasi nyingine nyingi wakala hapati kitu hadi mtu asaini au aripoti kazini, na mwajiri anaweza kuwa amewapa mawakala watatu nafasi ileile. Wawili watakuwa wamefanya kazi bure.

Hata ada ikishalipwa, bado ina dhamana, mara nyingi ya miezi mitatu. Mfanyakazi akiondoka ndani ya muda huo, wakala hutafuta mwingine bila malipo au hurudisha sehemu ya fedha. Yale maswali ya simu yanatoka hapo. Mshahara wa sasa unaonyesha kama utakataa ofa dakika ya mwisho. Sheria za Tanzania na Kenya zinataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, lakini mkataba wako ukisema miezi mitatu na mwajiri anataka mtu tarehe mosi, umeshatoka. Na "bosi wako akikuongezea mshahara, utabaki?" si udaku. Ni njia mojawapo ya kawaida ambayo ada hupotea.

Hesabu hubadilika pale wakala anapokuwa mwajiri wako mwenyewe na kukupeleka kufanya kazi kwa mwingine. Hapo hulipa mshahara na michango, kisha humdai mteja jumla hiyo na nyongeza yake kila mwezi. Tanzania ilizuia mtindo huo kwa kanuni za mwaka 2014.

Jambo moja huwaumiza waombaji bila wao kujua. Tangazo halitaji mwajiri kwa sababu wakala anaogopa utaomba moja kwa moja, au wakala mwenzake atainusa nafasi. Basi unatuma CV kwa mawakala wawili, na wote wanakupeleka kampuni ileile. Ada kwa kawaida huenda kwa aliyetangulia kukupeleka, kwa hiyo unazuka ubishi wa nani alitangulia, na waajiri wengine huona heri kuiweka CV yako kando kuliko kuingia kwenye ugomvi. Kabla ya kuruhusu CV yako iende popote, uliza jina la mwajiri na cheo chenyewe, kisha andika tarehe na jina la wakala. Wa pili akikupigia kuhusu kampuni hiyo, mwambie wazi kwamba umeshapelekwa.