Maji ya vifaranga wa samaki: kinachoua ni mabadiliko ya ghafla

Wafugaji wengi wanaofika kituoni kwetu hueleza kisa kinachofanana. Vifaranga wa perege walikuwa wazima kwenye tangi la kioo, maji yakaanza kuchafuka, mwenye tangi akayamwaga yote, akasugua kioo, akaosha filta kwa maji ya bomba, akajaza maji mapya yanayong'aa. Kesho yake asubuhi nusu ya vifaranga wako chali. Mara nyingi hapo hakuna ugonjwa wowote. Usafi wenyewe, uliofanywa kwa mkupuo mmoja, ndio uliowamaliza.

Tuanze na amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki chini ya tangi huiongeza kikioza. Majini huwa na sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine hupenya matamvua na kuua. Kinachoamua sura ipi itazidi ni pH (kipimo cha asidi na alkali katika maji: namba ikipanda, alkali imezidi), na kwa kiasi fulani joto. Katika nyuzi joto 25, maji ya pH 7 yanakuwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ya sumu. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Amonia ni ileile, kipimo cha dukani kinasoma kilekile, lakini mfugaji mmoja anapoteza vifaranga na mwenzake hapotezi hata mmoja.

Hapa ndipo Arusha inapohitaji uangalifu wa pekee. Maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano. Yamebeba bikaboneti ya sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo, hali ileile inayoruhusu floraidi kuyeyuka ndani yake. Maji ya namna hii yana pH ya juu, nayo haishuki kwa urahisi. Tena maji ya kisima yakitoka tu ardhini huwa na hewa ya ukaa iliyoyeyuka, hivyo ukipima papo hapo unapata namba ndogo. Yalaze kwenye ndoo usiku kucha, pampu ya hewa ikifanya kazi, halafu upime tena. Namba ya asubuhi ndiyo watakayoishi nayo samaki wako.

Wapo samaki waliozoea makali hayo. Perege wa Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, anaishi kwenye pH inayokaribia 10, na badala ya amonia hutoa urea, kwa sababu katika maji yale amonia isingetoka mwilini kwa njia ya kawaida. Ni kiumbe cha ajabu kweli. Kifaranga unayemnunua wewe hana uwezo huo.

Mjini Moshi tatizo linageuka. Chemchemi nyingi za miteremko ya Kilimanjaro zina madini machache, na anayetumia maji ya mvua ya bati karibu hapati madini kabisa. Bakteria wema wanaoishi kwenye sponji ya filta hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitreti, na kazi hiyo hula bikaboneti: kila gramu 1 ya naitrojeni ya amonia humaliza takribani gramu 7 za alkali ile inayoshikilia pH. Akiba ikiisha, pH inaporomoka, bakteria wanadorora, amonia inarundikana. Halafu mfugaji anaona pH imeshuka na kutupia kipande cha magadi. Tafadhali usifanye hivyo. pH inaruka juu kwa dakika chache na sehemu kubwa ya amonia iliyorundikana inageuka sumu. Badilisha kwanza sehemu ya maji, kisha weka kwenye filta kifuko cha makombe au mawe ya chokaa yaliyopondwa, ambayo huyeyuka polepole. Mwenye kisima cha Arusha anaweza kwenda upande mwingine, achanganye maji yake na ya mvua, mradi uwiano uwe uleule kila mara. Ukianza na ndoo kwa ndoo, baki na ndoo kwa ndoo.

Hatari nyingine iko kwenye mfuko wa plastiki wanaosafirishiwa vifaranga. Njiani, pumzi zao hujaza maji hewa ya ukaa, pH inashuka, na amonia inayoongezeka inabaki katika sura isiyodhuru. Ukifungua mfuko ukauacha wazi saa nzima, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na sumu inaamka. Elesha mfuko ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ukishaufungua usikawie: ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha uwahamishe kwa kichota cha wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Kwa matunzo ya kawaida, badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kila siku, yenye joto sawa na ya tangini. Ya bomba yaache wazi saa 24 yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Sponji ya filta ikamulie ndani ya beseni lenye maji ya tangi lenyewe, kwani klorini huua bakteria uliowalea kwa wiki kadhaa. Tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kukomaa, ila ukipata sponji kuukuu kutoka tangi la mwenzako lenye samaki wazima, muda unapungua sana.

Juni na Julai baridi ya Arusha huwapunguzia bakteria kasi, na vifaranga nao hupoteza hamu ya kula. Kama huna hita, punguza chakula kuanzia jioni ya kwanza ya baridi, na mabaki yanyonye kwa mpira mwembamba kabla hujalala.